Ada na Foleni: Historia ya Njia ya Uuguzi kutoka Suguti

Historia ya elimu ya uuguzi nchini Tanzania huandikwa mara nyingi kutoka upande wa taasisi: hospitali ilijengwa mwaka gani, shule ilifunguliwa na nani, sheria ilipitishwa lini. Ipo historia nyingine ambayo haijaandikwa vya kutosha, nayo ni ya kaya zilizotoa vijana wao kwenda katika shule hizo, zikalazimika kupima mambo mawili ambayo ni nadra kupatikana pamoja, yaani gharama ndogo na nafasi ya haraka. Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka Suguti, kata iliyo katika Wilaya ya Musoma mkoani Mara, na kwa upana zaidi kutoka katika ukanda wa Wajita, Wakwaya, Waruri na Waregi, unaogusa wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, na ambao lugha zao wataalamu wa isimu huziweka katika kundi moja wanaloliita Suguti. Hoja inayojengwa ni kwamba kusubiri nako ni gharama, kwamba gharama hiyo imebebwa zaidi na mabinti wa kaya zisizo na akiba, na kwamba kila kipindi kimeihamisha foleni kutoka mlango mmoja kwenda mwingine bila kuiondoa.

Utawala wa Waingereza ulipoanza kupeleka tiba katika vijiji vya Tanganyika, haukuanza na wauguzi wa kike. Kuanzia mwaka 1926, chini ya mkuu wa idara ya tiba John Shircore, zahanati ndogo ziliwekwa mikononi mwa mamlaka za wenyeji, yaani machifu na mabaraza yao, na kila zahanati ikapewa mhudumu aliyeitwa dresa, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha na kufunga vidonda, kugawa dawa chache na kuwapeleka hospitali wagonjwa waliomzidi uwezo. Dresa alikuwa mwanamume anayejua kusoma, aliyechaguliwa na mamlaka ya kwao na kulipwa kutoka katika hazina ya mamlaka hiyo, baada ya mafunzo mafupi ya hospitalini. Kwa kaya yake hapakuwa na ada ya kutafuta wala miaka ya kungoja. Palikuwa na uteuzi, na uteuzi uliwategemea wenye mamlaka. Kaya ambayo jina lake halikufika kwenye baraza haikuwa na njia ya kununua nafasi hiyo kwa fedha wala kuipata kwa subira, na binti hakufikiriwa kabisa.

Mlango wa mabinti ulifunguliwa na misheni. Waadventista Wasabato walikuwa wamefika Majita kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamenoni kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934 na baada ya muda mfupi wakawa na vituo karibu zaidi na Musoma, vikiwemo Bukiroba na Mugango, na mapadre Wakatoliki wa shirika la Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Hospitali ya Shirati, iliyo leo katika Wilaya ya Rorya, ilikua ikawa hospitali kubwa ya upande huo wa Ziwa Victoria, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa na shule yake ya wauguzi. Ng'ambo ya pili, katika eneo la Mwanza, hospitali ya Kikatoliki ya Sumve ilijulikana kwa kufundisha wauguzi na wakunga, na msichana wa Musoma aliyekwenda upande huo aliweza kusafiri kwa meli zilizozunguka ziwa zikipita Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba.

Mafunzo ya hospitali za misheni yalifuata mtindo uliokuwa umeenea duniani tangu Florence Nightingale aanzishe shule yake katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860, mtindo ambao ndani yake mwanafunzi aliishi hospitalini, akala na kulala hapo, akavaa sare ya hapo, na kwa kubadilishana akatoa nguvu zake wodini mchana na usiku. Ada ya fedha ilikuwa ndogo au haikuwepo, kwa sababu hospitali ilijilipa kutokana na kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kutandika vitanda, kuogesha wagonjwa, kuchemsha vyombo vya upasuaji, kukesha na wazazi waliokaribia kujifungua. Ni kosa kuuita mpango huo elimu ya bure. Mzazi wa Suguti hakutoa shilingi nyingi, lakini alitoa mikono miwili iliyokuwa ikipalilia pamba, ikichota maji na kuanika udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukaushwa kwa ajili ya ugali, na mikono hiyo haikurudi kwa miaka kadhaa.

Katika kipindi hicho foleni haikuwa kwenye lango la shule ya uuguzi. Ilikuwa nyuma zaidi, kwenye shule ya msingi na ya kati. Sheria ya usajili wa wauguzi na wakunga ya mwaka 1952, iliyofuatwa na kuundwa kwa baraza la kusimamia taaluma hiyo mwaka 1953, iliweka utaratibu wa kumtambua muuguzi kwa jina na kwa daraja, na jambo hilo jema lilikuwa na tokeo lake: mtu hakuweza tena kuitwa muuguzi kwa kuwa amefanya kazi muda mrefu wodini, bali alipaswa kuwa na kiwango fulani cha shule kabla ya kuanza na kufaulu mitihani kabla ya kumaliza. Mahali ambapo mabinti wachache walivuka darasa la nne, sharti la darasa la nane liliwaondoa wengi kabla hawajaomba. Walioweza kulitimiza walipata nafasi bila kungoja sana, na hii ndiyo sababu wazee wengi wa taifa hili hukumbuka enzi ambayo mtu alimaliza shule na kazi ikamfuata. Wanachokumbuka ni kweli, ila ni kweli kwa wachache waliofika mwisho wa ngazi.

Uhuru wa mwaka 1961 ulileta nia ya kupanua ngazi hiyo, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaelekeza fedha za afya vijijini. Katika Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, Serikali iliweka mkazo kwenye vituo vya afya na zahanati kuliko hospitali kubwa za mijini, na vituo hivyo vilihitaji watu. Jibu mojawapo la miaka ya 1970 lilikuwa kuanzisha kada ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, ambao walichukuliwa wakiwa na elimu ya darasa la saba, wakafundishwa kwa miezi 18 na kupelekwa katika zahanati kupima wajawazito, kupima uzito wa watoto, kutoa chanjo na kuzalisha. Kwa mtazamo wa kaya, hapo gharama na muda vilipungua kwa pamoja: Serikali ililipia mafunzo, kozi ilikuwa fupi, na mhitimu alipangiwa kituo cha kazi na wizara bila kuandika maombi. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu idadi ya waliochaguliwa ilikadiriwa kulingana na vituo vilivyokuwepo. Foleni ilikuwepo, lakini ilikuwa kabla ya uchaguzi, na aliyechaguliwa alikuwa ameimaliza.

Mji wa Musoma wenyewe uliingia katika historia ya kusubiri mwezi Novemba 1974, pale Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilipokutana na kupitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo lilikuwa na maamuzi mawili yanayohusiana na mada hii. La kwanza lilihimiza kufikia elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977, na la pili liliwataka wahitimu wa kidato cha sita kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili, wakipata mapendekezo ya mwajiri na ya chama, kabla ya kuomba nafasi ya chuo kikuu. Kusubiri kukawa sera ya taifa, kwa hoja ya haki kabisa kwamba kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima aijue kazi kabla ya kupanda juu. Hata hivyo, katika muda mfupi idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka, na Serikali ikalazimika kuwaondolea wanawake sharti la miaka ya kazi. Sharti hilo halikuwahusu wanafunzi wa shule za uuguzi za ngazi ya cheti, lakini lilitoa ushahidi ambao kila mpangaji wa elimu angepaswa kuuzingatia: muda ule ule wa kungoja, ukiwekwa juu ya kijana wa kiume na wa kike kwa usawa, hauwaumizi kwa usawa.

Sababu za tofauti hiyo zilikuwa wazi katika kaya za ukanda wa Suguti kama zilivyokuwa mahali pengi nchini. Kijana wa kiume aliyengoja nafasi ya chuo aliweza kuingia ziwani na wavuvi wa dagaa waliovua kwa taa za karabai, au kulima pamba yake, na mwaka uliopita haukumfungia njia. Binti aliyengoja alikuwa nyumbani, na binti aliye nyumbani huletewa posa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na mahari ya ng'ombe ilikuwa mali ambayo kaya ingeweza kuihesabu leo, wakati mshahara wa muuguzi ulikuwa ahadi ya baadaye. Ni vyema kukumbuka pia kwamba miongoni mwa Wakwaya, ambao mtaalamu wa mila Hugo Huber aliwaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1973, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, hivyo uamuzi wa nani asomeshwe na kwa mali ya nani ulimgusa mjomba pamoja na baba. Ada iliyotegemea watu wawili kukubaliana ilichelewa zaidi ya ada iliyo mfukoni mwa mtu mmoja, na kila mwezi wa mazungumzo ulikuwa mwezi wa binti kuendelea kukaa.

Mafanikio ya elimu ya msingi kwa wote yalizaa wahitimu wengi wa darasa la saba kuliko nafasi za sekondari na vyuo, na uchumi wa miaka ya 1980 haukuruhusu vyuo kuongezwa kwa kasi hiyo. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida, ikiyaacha mashirika ya dini, kwa hiyo mwombaji wa uuguzi alibaki na milango miwili tu, wa Serikali na wa kanisa. Hospitali kadhaa za kanisa zilifanywa kuwa hospitali teule za wilaya, maana yake Serikali ilichangia mishahara na uendeshaji nazo zikatoa huduma ambazo hospitali ya wilaya ingetoa, na Shirati ni mojawapo ya hospitali zilizopewa jukumu hilo. Vyuo vilivyoambatana na hospitali hizo vilibaki na ada ya wastani, lakini nafasi zilikuwa chache na waombaji walitoka mkoa mzima na nje yake.

Miaka ya 1990 iligeuza hesabu yote. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na tiba binafsi ikaruhusiwa tena; mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi makubaliano yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii; mwaka 1993, chini ya mageuzi ya utumishi wa umma, ajira mpya zilisimamishwa; na sera ya kuchangia gharama ikaanza kuingia hospitalini na vyuoni. Mageuzi hayo yalikuwa na sababu zake, kwa kuwa hazina ya Serikali ilikuwa imeelemewa. Lakini kwa kaya ya Suguti maana yake ilikuwa moja: ada iliongezeka wakati ule ule ambapo uhakika wa kazi uliondoka. Mzazi aliyezoea kwamba chuo ni mwisho wa foleni alikuta foleni nyingine ikianza siku ya mahafali.

Sheria ya mwaka 1997 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, lililojulikana kwa kifupi kama NACTE na baadaye NACTVET, ambalo lilipewa kazi ya kusajili vyuo na kuweka ngazi za tuzo. Uuguzi ukapangwa katika ngazi hizo: ngazi ya nne na ya tano ni za cheti, na ya sita ni ya stashahada inayochukua miaka mitatu, huku sifa ya kuingia ikiwa kufaulu kidato cha nne kwa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kwa kifupi cha MMAM, uliazimia zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na hitaji la wauguzi likaonekana kuwa kubwa mno kwa vyuo vilivyokuwepo. Vyuo binafsi vilijaza pengo hilo. Leo mwombaji wa Mkoa wa Mara anaweza kutazama Shirati, Kisare kule Mugumu wilayani Serengeti, au kuvuka hadi Sengerema, Sumve na Bugando, na nyuma ya hivyo kuna orodha ndefu ya vyuo binafsi mjini Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam.

Kusubiri kwa zama hizi kuna kalenda yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, matokeo hutoka mapema mwaka unaofuata, dirisha la maombi hufunguliwa baada ya hapo, na masomo ya awamu kuu huanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kwa hiyo hata mwombaji aliyechaguliwa mara ya kwanza hukaa nyumbani karibu mwaka mzima. Anayekosa nafasi katika chuo cha Serikali hukabiliwa na uchaguzi ambao ndio kiini cha makala haya: aingie awamu ya Machi katika chuo binafsi chenye ada kubwa, au angoje awamu nyingine akiwa na matumaini ya ada ndogo.

Barua ya kujiunga na chuo inaonyesha kwa nini uamuzi huo haupimwi kwa ada peke yake. Chini ya mstari wa ada hufuata mistari mingine: malazi, chakula, bima ya afya, mitihani, kitambulisho, mafunzo kwa vitendo, sare kwa kipimo kilichoelekezwa, viatu visivyopiga kelele, chandarua, ndoo, jembe au fyekeo, karatasi za kuchapia, kipimajoto, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ambayo bila hiyo mwanafunzi hawezi kuhesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa. Vyuo viwili vyenye ada inayolingana vinaweza kutofautiana sana katika mistari hiyo, na chuo chenye ada ndogo kilicho mbali kinaweza kuigharimu kaya zaidi kwa nauli na kodi ya chumba kuliko chuo ghali kilicho jirani na hospitali yake. Mafunzo kwa vitendo yana uzito wa pekee. Mwanafunzi hupewa kitabu ambacho mkufunzi au muuguzi wa wodi hutia sahihi kila tendo alilolifanya, ikiwemo idadi ya wazazi aliowazalisha, na chuo kisicho na hospitali yenye wagonjwa wa kutosha humlazimu kusafiri kutafuta sahihi hizo kwa gharama yake.

Hesabu ya kweli, basi, huanza siku ya matokeo ya kidato cha nne na kuishia siku ya mshahara wa kwanza, na vitu vyote vilivyo kati ya siku hizo mbili huingia ndani yake. Tuseme chuo kimoja kina ada mara mbili ya kingine, lakini kinampokea mwombaji mwaka mmoja mapema. Ikiwa ajira inapatikana mara tu baada ya kuhitimu, mwaka uliookolewa ni mwaka wa mshahara, na mshahara huo unaweza kufidia tofauti ya ada. Ikiwa wahitimu wote wawili watakutana kwenye foleni moja ya ajira, mwaka uliookolewa umenunua kusubiri kwingine tu, na aliyelipa ada kubwa amepoteza mara mbili. Historia ya karibuni inaonyesha kwamba hali hii ya pili si ya kubuni: mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti, na wahitimu wengi wa afya walikaa nyumbani au wakajitolea katika zahanati na vituo vya afya kwa posho ndogo au bila posho, huku vituo hivyo hivyo vikiwa na upungufu wa wauguzi.

Hata hivyo, kungoja hakupaswi kuhukumiwa kuwa hasara siku zote. Mwaka wa kungoja uliotumika kurudia mtihani wa Fizikia, kuweka akiba ya mavuno ya pamba au kuthibitisha kwamba chuo kimesajiliwa, ni mwaka uliofanya kazi. Hasara iko katika kungoja kusikokuwa na tarehe wala mpango, na hapo ndipo binti huumia zaidi ya kaka yake. Kwa sababu hiyo kaya inayoamua kungoja chuo cha gharama nafuu inapaswa kuamua pia, kwa maneno ya wazi mbele ya baba, mama na mjomba, kwamba posa haitapokelewa katika kipindi hicho, na kwamba fedha ya ada haitageuzwa kuwa ya nyavu wala ya bati kabla ya mwezi wa kuripoti. Kaya inayoamua kulipa ada kubwa nayo inapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa senti: je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, je, wanafunzi wake hufanyia mafunzo hospitali gani, na je, wahitimu wake wanapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga bila kukwama.

Upande wa Serikali, hatua mbili za karibuni zinastahili kutajwa kwa heshima. Katika mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya elimu ya juu ilipanuliwa ikawafikia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa zikiwemo za afya, hatua inayoonyesha kwamba kaya inaweza kusaidiwa kununua muda bila kuuza ng'ombe. Na huduma zenyewe zimesogea: Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere eneo la Kwangwa mjini Musoma, ambayo ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970 na kukwama kwa miongo mingi, hatimaye imeanza kutoa tiba, na hospitali ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma imejengwa katika kijiji cha Suguti chenyewe. Majengo hayo yanahitaji wauguzi, na wauguzi wanaoijua lugha ya mgonjwa wanatoka katika kaya zilizoizunguka hospitali.

Tangu zama za dresa hadi leo, foleni imesimama kwenye baraza la chifu, kisha kwenye darasa la nane, kisha kwenye uchaguzi wa wizara, na sasa imesimama kwenye ajira. Vyuo kuongezwa peke yake hakutaiondoa, na mikopo kuongezwa peke yake itaigeuza kuwa foleni ya wenye madeni. Kinachotakiwa ni kile kilichofanyika katika miaka ya 1970 kwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, yaani idadi ya wanaofundishwa, idadi ya vituo na idadi ya ajira kupangwa kwa pamoja na kutangazwa mapema, ili mzazi anayepima ada dhidi ya kusubiri ajue anapima nini. Hadi hapo, kila mzazi wa Suguti mwenye binti aliyefaulu sayansi na aweke tarehe ya mwisho ya kungoja, aiandike, na aiheshimu.